Kikao Kilikuwa cha Wazi

Wiki ya mwisho ya Septemba, soko la vitambaa la Zhongda halina mtu mpole. Viwanda vinakaribia kufungwa kwa sikukuu ya Oktoba, na kitambaa ambacho hakijaingia kwenye mitambo ya kutia rangi kabla ya hapo kitakaa kikisubiri mpaka Wachina warudi kutoka makwao. Kila wakala anabanwa na mteja wake, na kila mteja anabanwa na meli. Mimi ni wakala. Nina mwaka wa nne Guangzhou. Wafanyabiashara wa nyumbani wakija, nawapeleka sokoni, nawatafsiria, nakagua mzigo wao na kuusindikiza mpaka unapofungiwa ndani ya kontena. Kazi hii inataka miguu, sauti ya juu na mdomo mzito, na mimi nilijaliwa viwili vya kwanza tu.

Mteja wangu wa wiki ile alikuwa mtu wa mji wetu, mwanamume wa makamo mwenye duka kubwa la vitambaa karibu na stendi. Tulikuwa tumesimama mbele ya kibanda cha laoban mmoja, mama mwenye duka ambaye alikuwa anakula tambi na kugombana na mtu kwenye simu kwa wakati mmoja. Mteja akatoa simu yake akanionyesha picha.

"Nataka rangi hii," alisema. "Damu ya mzee. Isiende kwenye nyekundu, isiende kwenye zambarau. Cha sketi na cha suruali. Kontena zima."

Picha yenyewe haikuwa ya kitambaa. Ilikuwa ya ukurasa wa karatasi, ukurasa wa arobaini na moja, na kabla sijasoma hata neno moja nikautambua. Mistari imebanana, namba za agenda zimepangwa pembeni, nembo ya manispaa juu imefifia kwa sababu mashine yao ya kunakili haijawahi kuwa na wino wa kutosha. Lilikuwa kabrasha la Baraza la Madiwani la kwetu. Makabrasha ya namna hiyo nimeyasoma miaka minane.

Ukurasa ulisema kwamba kuanzia Januari wanafunzi wote wa sekondari za kutwa katika manispaa watavaa sare ya rangi moja, damu ya mzee, badala ya kijani. Chini yake paliandikwa kwamba taarifa ya kamati imepokelewa na Baraza limeafiki.

"Imeshatangazwa?" nikauliza.

"Itatangazwa Desemba, shule zikishafungwa."

"Sasa wewe umeipata wapi?"

"Kikaoni." Alicheka. "Nilikwenda kufuatilia kibali changu cha ujenzi, nikakuta mlango wa ukumbi uko wazi, nikaingia nikaketi. Karani akaniletea kabrasha, akadhani mimi mwandishi, maana niliketi palepale mlipokuwa mnaketi ninyi. Hapakuwa na mtu mwingine, dada mwandishi. Mimi peke yangu na dirisha."

Nikacheka naye, kwa sababu mteja akicheka wakala anacheka.

Ni lazima niseme mahali pale palikuwaje. Kulikuwa na viti vitano vya plastiki upande wa dirisha, nyuma ya wakuu wa idara, na siku za nyuma vyote vitano vilikuwa vinajaa. Nilikuwa naripoti kwa redio moja ndogo ya mji wetu. Habari za Bunge zilikuwa na watu wake, na za Ikulu zilikuwa na watu wake wenye suti. Sisi watano tulikuwa watu wa mitaro, masoko, zahanati na ada za maegesho, mambo ambayo yanaamuliwa na mtu unayeweza kukutana naye buchani. Nilijifunza kwamba diwani anayesimama na kupayuka hana habari. Habari imelala katikati ya kabrasha, kwenye taarifa za kamati zinazopokelewa bila kusomwa. Mwenyekiti anasema wanaoafiki waseme ndiyo, watu wanasema ndiyo huku wakitazama mlango ambako chai inapita, na mji mzima umeshabadilishiwa jambo.

Sitaki kujipamba. Bahasha ya nauli ambayo manispaa ilikuwa inatupa nilikuwa naipokea, maana mshahara wa redio ulikuwa wa kubahatisha, na yako mambo ambayo siku ya bahasha niliyaandika kwa upole kuliko yalivyostahili. Lakini nilikuwa nasoma kurasa zote. Mara moja nilikuta katikati ya taarifa ya usafi kwamba jaa la taka linahamishiwa nyuma ya zahanati ya kata fulani. Nikausoma ukurasa ule hewani asubuhi ya Jumanne, neno kwa neno, wala sikuongeza langu. Ijumaa wanawake wa kata ile walikuwa wamekaa chini mbele ya geti la manispaa, na jaa halikwenda kokote. Nadhani hiyo ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na ilikuwa kazi ya kusoma kwa sauti tu.

Kisha redio ikabadilisha mwelekeo. Wasikilizaji wanataka mpira na udaku, tukaambiwa, Baraza halileti matangazo. Wenzangu waliondoka mmoja mmoja. Mmoja akawa afisa uhusiano, mmoja akaingia kwenye boda, wawili sijui. Mimi niliondoka wa mwisho, nikaja huku. Siku naaga, mhariri aliniahidi kwamba atapatikana mtu wa kukaa pale. Nilijua anadanganya na sikumbishia, kwa sababu tiketi ilikuwa imeshakatwa.

Basi mtu aliyekuja kukaa pale akawa huyu muuza vitambaa, na mimi ndiye wa kumnunulia faida yake.

Nieleweni, hakuiba kitu. Alifanya kile ambacho kila raia ana haki ya kufanya: aliingia, akaketi, akasoma. Tatizo ni kwamba alisoma peke yake. Kwetu sare za sekondari zinashonwa na mafundi wa mitaani, wanawake wengi wao, na Septemba na Oktoba ndiyo miezi yao ya kununua majora ya kijani na kuanza kukata, ili Januari wazazi wakifurika wakute sketi zimeshaning'inia. Dada yangu ni mmoja wao. Anashona na wenzake tisa kwenye kibaraza cha jengo moja kuukuu karibu na soko, cherehani kumi kwa mstari. Siku mbili kabla ya mteja kunionyesha picha ile, dada alikuwa ameniambia kwenye simu, kwa furaha, kwamba mwaka huu amewahi. Ameshanunua majora sita ya kijani.

Ilikuwa nimwambie palepale. Siku ile ile. Kilichonizuia kina jina, na kila wakala wa Guangzhou analijua: oda ya mtu ni siri ya mtu. Hapa sampuli ya mteja mmoja haipiti mbele ya macho ya mwingine. Ukimwona wakala anafunga kipande cha kitambaa ndani ya bahasha na kukitia kifuani kabla ya kupanda treni, usimcheke, ndiyo heshima yake. Nilifundishwa sheria hiyo na mama mmoja Mkongo kutoka Lubumbashi, ambaye nagawana naye chumba cha ofisi Xiaobei, mtaa wa Waafrika. Ni mtu wa kanisa, wa kuvaa vizuri, na ana miaka mingi huku. Siku ya kwanza aliniambia, "Sikiya, ma sœur. Commande ya mutu ni siri ya mutu. Ukifungula kinywa mara moja tu, c'est fini, kesho hakuna client atakuya kwako." Na nimewaona waliofungua vinywa. Wanarudi nyumbani na masanduku mawili.

Kwa hiyo nilifanya kazi yangu. Nilimtafsiria mteja. Mama laoban aliacha tambi, akatoa kadi za rangi, tukasimama mlangoni kwenye mwanga wa jua tukishindanisha wekundu mmoja na mwingine. Kila alipotikisa kichwa na kusema meiyou, rangi hiyo hakuna, roho yangu ilishuka kwa raha. Nikawa naomba rangi ikosekane. Nilijiona mjinga, wakala anayemwombea mteja wake akose, lakini niliomba. Mwishowe akatoka na kipande kidogo kutoka nyuma ya duka, akakiweka kiganjani mwa mteja. Ilikuwa damu ya mzee kamili, hata mimi nisingeweza kuikosoa.

"Hiyo!" mteja akasema.

Mzigo ukaingia kiwandani siku mbili kabla ya sikukuu.

Sikukuu yenyewe niliiona chungu. Zhongda ikafunga milango, Xiaobei ikapungua kelele, na mimi sikuwa na kitu cha kufanya ila kuwaza. Nilikuwa natembea kwenye njia ya kando ya mto katikati ya familia za Wachina zinazopiga picha, nashika simu, naiweka, naishika tena. Nilikuwa na hofu ya pande mbili: hofu ya kusema na kupoteza kazi, na hofu ya kunyamaza na kumwona dada yangu Januari ameketi na rundo la sketi ambazo hakuna mtoto atakayeruhusiwa kuingia nazo getini. Chakula kilikuwa hakipiti. Siku ya nne ya sikukuu, kama saa saba mchana ya huku, nyumbani wakiwa ndiyo kwanza wanafungua kazi, nikampigia.

"Dada, yale majora ya kijani umeshakata?"

"Moja tu. Kuna nini?"

"Usikate tena. Usiniulize sababu. Kama unaweza kuyarudisha dukani, yarudishe. Kijani cha mwaka huu achana nacho."

Ni mtu mwerevu, dada yangu. "Umesikia kitu."

"Nimesikia. Usimwambie mtu, tafadhali. Nitaharibikiwa kazi."

"Basi limekwisha, mdogo wangu," akasema. "Mie na wewe tu."

Nilijisikia mwepesi siku ile. Nilikula wali na samaki kwenye mgahawa wa Wazanzibari, nikaongeza na sahani ya pili, nikamtania mhudumu. Nilijiambia kwamba nimepata njia ya katikati: mteja amelindwa, dada ameokoka, na sheria ya kazi nimeipinda kidogo tu bila kuivunja. Nashangaa sasa ni kwa vipi mtu aliyekaa miaka minane akiwashutumu wakubwa kwa kunong'onezana alishindwa kuusikia mnong'ono wake mwenyewe.

Viwanda vilifunguliwa, nikarudi kukimbia. Wiki moja baadaye dada akanipigia. Nilikuwa Zhongda, ndani ya kibanda cha mama laoban, nakagua majora ya kwanza yaliyotoka kwenye mtambo. Nilijua kwa sauti yake kwamba mambo yamemnyookea.

"Kile kitu kimekwisha," akasema. "Dukani walikataa kurudisha, lakini nimeuza yote. Hata lile nililokuwa nimelianza."

"Umemuuzia nani?"

"Mama wa cherehani ya mwisho. Amefurahi mno, maana nimempunguzia. Ananiombea dua tangu juzi."

Niliketi juu ya jora.

Mama wa cherehani ya mwisho ni mjane, na kila anayeshona kwenye kibaraza kile alifundishwa kukata naye, dada yangu akiwemo. Anasomesha wajukuu watatu kwa sketi. Lakini mimi nilikuwa namjua kwa jambo lingine. Enzi zangu za redio yeye ndiye aliyekuwa na kile kiredio cha mbao juu ya meza ya cherehani, na asubuhi ya kuripoti Baraza aliwanyamazisha wenzake wote tisa. Nikisema jambo asiloelewa, alikuwa anapiga simu studio. Aliwahi kuuliza ushuru wa genge ni kwa siku au kwa wiki, kwa sababu mimi nilisahau kusema. Mhariri alikuwa anasema tuna msikilizaji mmoja wa habari za manispaa, na alikuwa hatanii sana.

"Dada, umefanya nini?" nikasema. "Umemuuzia mzigo ambao unajua haufai?"

"Sijui kitu mie! Wewe ulinambia nisiulize. Wewe ulinambia nisimwambie mtu." Sauti yake ikapanda. "Sasa ulitaka nifanyeje, nile hasara nikiwa nimekaa kimya? Ulitaka nisimwambie mtu, na nisimuuzie mtu, na nisiulize kitu?"

Hiyo ndiyo hasa amri niliyompa. Tuligombana, nikamtukana, akakata simu. Mama laoban akaniletea kikombe cha maji ya moto bila kuniuliza kitu, kama wanavyofanya huku mtu akiugua. Mchuma janga hula na wa kwao, wanasema wazee. Mimi nilikuwa nimewapikia kabisa na kuwapakulia.

Nilikaa pale nikaona wazi jambo ambalo kwa miaka minane nilikuwa nalifanya bila kulielewa. Nilidhani faida ya mwandishi kikaoni ni kuwatisha wakubwa. Kumbe kubwa zaidi ni kwamba akisema, anawaambia wote kwa dakika moja. Mjane anasikia pamoja na mwenye duka la stendi. Habari ile ile ikipita sikio kwa sikio, kila anayeipata anamgeuzia mzigo asiyeipata, na huwezi hata kumlaumu, maana naye anajiokoa. Mteja wangu alimnong'oneza wakala wake, wakala akamnong'oneza dada yake, na mnong'ono ukaishia kwenye cherehani ya mwisho ukiwa umegeuka majora sita ya kijani.

Nilimpigia mhariri wangu wa zamani kesho yake. Bado yuko pale pale, na bado anaahidi. Nilipomweleza, alitaka kwanza kujua nina karatasi au nina maneno. Nikamwambia ninayo picha ya ukurasa, mteja alinitumia ili nisikosee rangi. Nilipoyasema hayo nilijisikia vibaya, kwa sababu picha ile nilipewa kwa kuaminiwa. Nikampigia na diwani mmoja ninayemfahamu, nikamsomea ukurasa, nikamwuliza kama ni kweli.

"Ngoja nitazame," akasema. Nikasikia akipekua. "Ee, kweli ipo. Tumepitisha." Kisha akaongeza kwa mshangao wa mtu asiye na hatia, "Mwanangu mwenyewe yuko kidato cha pili."

Kipindi cha asubuhi kwao ni saa sita mchana kwetu. Nilikuwa ofisini Xiaobei, na yule mama wa Lubumbashi alikuwa kwenye meza yake anapanga risiti za usafirishaji. Nilimwambia nataka kufanya nini. Nilimwambia kwa sababu chumba ni chetu sote, na jina likiharibika linaharibika la mlango mzima.

"Utapoteza client," akasema.

"Najua."

"Na wengine watasikia. Watakuita mudomo."

"Najua, mama."

Akashusha pumzi. "Kule kwetu, ku province," akasema, "walivunja soko ya mama yangu. Walisema ilipita ku assemblée, ile baraza yao, journaliste hakukuwa hata mumoja. Tulijua siku ya tingatinga." Akanyanyuka akaizima feni, ili sauti yangu isikike vizuri, akarudi kwenye risiti zake. Joto la Guangzhou likatuangukia sote wawili.

Studio wakaniunganisha hewani, nikaongea dakika nne. Nilisema kikao gani, taarifa ya kamati gani, ukurasa gani, nikausoma neno kwa neno, wala sikuongeza langu. Nikasema kwamba tangazo linatarajiwa Desemba, na kwamba wapo ambao wameshajua na wapo ambao hawajajua. Afisa habari wa manispaa alipewa nafasi baada yangu. Alikuwa na adabu, na alichosema kilikuwa kweli tupu.

"Kikao kilikuwa cha wazi," alisema. "Hakuna kilichofichwa. Viti vya waandishi vipo, mtangazaji. Waulizeni waandishi wenu walikuwa wapi."

Wasikilizaji wakaanza kupiga simu. Mzazi mmoja alikuwa ameshanunua sketi mbili. Mwalimu mkuu mmoja alisema na yeye anasikia sasa hivi, redioni. Mwingine akataka kujua nani alipendekeza rangi hiyo, swali ambalo na mimi nilipaswa kuuliza na sikuuliza. Nikakata nikiwa nimelowa jasho.

Mteja wangu, ambaye alikuwa amesharudi nyumbani, alinipigia kabla ya saa moja kupita. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga.

"Dada mwandishi," alisema. "Naona umerudi kazini."

"Nisamehe, kaka. Ilikuwa ni jambo la watu wote."

"Na mimi je, si mtu? Niliyekwenda kuketi nikasoma, wenzangu wamelala? Mzigo uliobaki atausimamia mtu mwingine. Kuhusu picha yangu, hata sitaki kuongea."

Alikuwa na haki ya kukasirika. Jioni wateja wengine wawili wakaniandikia kwamba safari zao zimeahirishwa, na nilijua hazijaahirishwa. Nikapiga hesabu ya miezi ninayoweza kukaa Guangzhou bila kazi, nikaiacha kabla haijanifikisha mwisho. Lakini bado kulikuwa na simu moja niliyokuwa naiogopa kuliko hizo zote, na ilikuja kesho yake, nikiwa nimesimama kwenye foleni ya kuingia treni ya chini ya ardhi, watu wakinisukuma. Nikatoka kwenye foleni nikaegemea ukuta.

"Mwanangu," alisema mama wa cherehani ya mwisho. Nyuma yake nilisikia kibaraza chote, cherehani, watu, kasuku wa jirani. "Nimekusikia jana. Sauti yako haijabadilika. Niliwaambia hawa, nyamazeni, mtoto wetu huyo anasoma Baraza. Nikatoka machozi kabla hata sijajua unasoma nini."

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Sasa mwenzio nina majora sita ya kijani hapa, nimeyanunua juzi juzi tu. Ndiyo mtihani wa Mungu, sina wa kumlaumu. Hawa wenzangu wanasema tuende wote manispaa Jumatatu, tukaombe kijani kivaliwe mpaka kiishe. Nimekubali. Lakini wewe ulikuwa ukieleza kitu unasahau kidogo, unakumbuka? Nami nakuuliza. Jana ulisema wapo ambao walishajua. Nimekuweka kwenye spika, kila mtu anasikia. Wewe mwenyewe ulijua lini?"

Cherehani zilikuwa zimenyamaza moja baada ya nyingine. Nilikuwa naweza kusema juzi. Hakuna ambaye angejua.

"Wiki tatu, mama," nikasema. "Nilijua wiki tatu kabla ya kusema. Nilimwambia mtu mmoja tu."

"Nani?"

Kabla sijafungua mdomo, nikamsikia dada yangu, mbali kidogo na simu, akisema, "Mimi."